Mpaka Jiwe la Arobaini na Moja

Nchi yenyewe tusiitaje. Wenyewe wakisikia watajijua, na wasiojijua hata ukiwatajia hawatasikia. Tuseme tu kwamba ilikuwa na bendera, wimbo wa taifa wa beti kumi na tisa, na jirani mmoja. Jirani huyo wao walimwita Ng'ambo. Yeye naye aliwaita wao Ng'ambo. Barua zote za serikali hizi mbili zilitoka Ng'ambo kwenda Ng'ambo, na hakuna hata moja iliyopotea, kwa kuwa hakuna hata moja iliyowahi kufika.

Kati ya Ng'ambo na Ng'ambo ilipita barabara kuu. Mkataba wa zamani, ulioandikwa na watu waliokuwa na haraka ya kurudi kwao, ulisema: ukielekea kusini, kushoto kwa barabara ni nchi hii, kulia ni nchi ile. Basi. Watu waliishi. Kuku alivuka, akataga ugenini, akarudi kulala kwao.

Barabara yenyewe haikunyooka. Ilifuata njia ya ng'ombe, na ng'ombe ana desturi ya kulizunguka jiwe badala ya kubishana nalo. Ilikuwa ya maili sitini, na kila maili ilikuwa na jiwe lake, na kila jiwe lilipakwa chokaa mara moja kwa mwaka, wiki mbili kabla ya sherehe za taifa, ili Mtukufu Rais akipita aone kwamba nchi yake imehesabiwa.

Aliyeyapaka mawe hayo aliitwa Singano Mbelwa. Alikaa na mkewe, Nambua, katika kambi ya barabara kwenye jiwe la arobaini na moja, pale penye kona kali. Chokaa yake aliichanganya na chumvi na uji mwembamba wa muhogo, ikagandamana na jiwe kiasi kwamba hata masika ilipita ikaiacha. Nambua aliutazama uji wake ukibebwa kwenda kulishwa mawe, akanyamaza. Alichokuwa hanyamazii ni ukuta.

"Singano, mawe yasiyolala mtu unayapaka. Mimi ukuta wangu mweusi kwa moshi kama kisogo cha chungu. Utanipakia lini?"

"Ngoja mpaka sherehe zipite."

"Mpaka lini?"

"Mpaka zipite, mke wangu. Sasa hivi macho ya taifa yako barabarani."

Sherehe zilipita kila mwaka, na kila zilipopita, nyingine zilikuwa zimeshaanza safari. Kiangazi kimoja Nambua akaugua siku sita, ya saba hakuiona. Singano akamzika hatua thelathini kulia kwa jiwe, kwa sababu kushoto palikuwa mwamba. Akamwekea jiwe kichwani, akalipaka vizuri, mikono miwili ya chokaa. Ukuta haukuwahi.

Mwaka uliofuata Mtukufu Rais alipita. Alikuwa amekula karamu ya samaki katika wilaya ya kwanza, ya mbuzi katika wilaya ya pili, na ya samaki tena katika wilaya ya tatu, ambako mkuu wa wilaya hakuwa ameambiwa kuhusu ile ya kwanza. Penye kona ya arobaini na moja, gari likiinama hivi, tumbo la taifa likainama vile. Redio ilitangaza saa saba mchana kwamba Mtukufu, kwa moyo mkunjufu, ameirutubisha ardhi ya mpakani. Jioni ile ile ikatoka Amri ya Unyoofu wa Taifa: kila kilichopinda kinyooke.

Mito miwili ikapewa onyo kwa maandishi. Ndizi zikaanza kuuzwa kwa kificho. Barabara mpya ikachorwa kwa rula, kutoka lango la ikulu hadi kijijini kwa mama yake Mtukufu, ndani kabisa, mbali na Ng'ambo. Ya zamani ikafungwa, kisha ikafutwa kwenye ramani. Kona ya arobaini na moja, kwa makosa yake, ikaletewa matingatinga, ikafukuliwa pamoja na jiwe lake. Baadaye ikaonekana bado haitoshi, kwa kuwa kuna watu walikuwa wanaikumbuka.

Ndipo ikaletwa Fomu ya Kusahau. Ilijazwa nakala tatu: moja ya kwako, moja ya Wizara, na moja ya kumbukumbu. Kifungu cha saba kilisema: *Orodhesha kikamilifu vitu vyote ulivyosahau.* Singano alikaa nayo siku nzima. Akaandika jiwe la kwanza, la pili, la tatu, na kadhalika mpaka la arobaini. Hapo akaruka. Akaendelea na la arobaini na mbili mpaka la sitini. Karani akapiga muhuri bila kusoma, kama ilivyo heshima ya kazi hiyo.

Singano akahamishiwa mjini, akapewa chumba cha wastaafu nyuma ya soko. Majirani walimtania: "Mzee, wewe fundi wa chokaa, mbona chumba chako udongo mtupu?" Alicheka nao, akabadilisha mazungumzo. Na kila mwezi alivaa koti lake, akaenda kwenye dirisha la Wizara kuomba kibali cha kuzuru kaburi. Kibali kilikuwa na swali moja tu: *Je, marehemu yumo ndani ya nchi au nje ya nchi?*

"Yuko hatua thelathini kulia kwa barabara," alijibu.

"Barabara gani, baba?"

"Ile ya zamani."

"Hakuna ya zamani. Ulisaini."

"Basi andika yuko Ng'ambo."

"Ng'ambo ya nini?"

Karani akafunga dirisha kwa upole. Walifungiana dirisha hivyo miaka ishirini na miwili. Makarani walibadilika watano. Upole haukubadilika. Kilichobadilika ni kifua cha mzee, kilichokuwa kimevuta vumbi la chokaa miaka thelathini na moja na sasa kilianza kulirudisha kidogo kidogo. Daktari alimsikiliza mgongoni, akavua miwani, akamwambia kama ana safari asiiweke sana.

Nchi hizi mbili zilikuwa na Siku ya Ujirani Mwema. Kila mwaka, kila nchi ilipiga mizinga ishirini na moja kwa heshima ya mwenzake. Mwaka huo mzinga mmoja ukaenda zaidi ya ulivyotumwa, ukaangukia choo cha mtu. Mwenye choo, bahati yake, alikuwa shambani. Lakini swali likabaki hewani pamoja na harufu: choo kile ni cha nchi gani? Kama ni cha hapa, ilikuwa sherehe. Kama ni cha Ng'ambo, ilikuwa vita.

Mabaraza mawili ya mawaziri yakakesha. Mkataba ukafunguliwa. Mkataba ukasema mpaka ni barabara kuu. Barabara kuu haipo. Ramani zimefutwa. Wakaulizwa wazee wa Wizara; wote walikuwa wamesahau, na walikuwa na muhuri wa kuthibitisha.

Kamishna wa Mipaka alikuwa Mheshimiwa Elirehema Ringo, mtu aliyebadili suti kila alipobadili mawazo, kwa hiyo alikuwa na suti mbili. Aliagiza ghala lipekuliwe. Chini ya magunia ya Fomu za Kusahau likapatikana daftari moja la wafanyakazi wa kambi ya barabara, lililoliwa na mchwa pembeni. Karani wa enzi hizo alikuwa na safu nyembamba ya kuandikia kazi ya mtu. Singano alikuwa *mpaka chokaa*, lakini neno la pili halikuingia. Daftari likasomeka hivi:

*BARABARA KUU. MPAKA: Singano Mbelwa.*

Mheshimiwa Ringo alisoma mara tatu, akavaa suti ya pili, akaenda mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibuni. Kiti kipo kimoja, na miguu yake ipo mitatu."

"Hatutakaa. Wewe ndiye Singano Mbelwa?"

"Ndiye."

"Daftari linasema wewe ulikuwa mpaka."

Mzee akanyoosha mgongo. Miaka ishirini na miwili hakuna mtu wa serikali aliyemtajia kazi yake. "Miaka thelathini na moja," akasema. "Kutoka jiwe la kwanza mpaka la sitini. Waliletwa wengine wajaribu, hawakuweza."

"Wa barabara kuu?"

"Hiyo hiyo."

Mheshimiwa akamgeukia katibu wake, akanong'ona: "Andika. Amekiri." Kisha akauliza kwa unyenyekevu: "Na ulikuwa upande gani wa barabara?"

"Pande zote, mwanangu. Ukiwa upande mmoja tu, mwenye gari anayetoka kule ataona nini?"

"Lo," akasema Mheshimiwa. "Hekima."

Singano akaanza kupata wasiwasi. "Ngoja. Mimi nilikuwa mpaka *chokaa*. Cho-kaa."

"Tunaelewa, mzee wangu. Hata kwenye ramani mpaka una rangi."

Ijumaa ikatoka kwenye Gazeti la Serikali. Jumamosi Ng'ambo wakakubali kwa simu, kwa kuwa nao walikuwa wamechoka. Jumapili, Singano Mbelwa, mstaafu, akaamka akiwa mpaka wa kimataifa.

Mpaka hulindwa. Upande wa kushoto wa kitanda akawekwa Koplo Mwanaidi wa nchi hii, na upande wa kulia akaletwa Koplo Hezroni wa Ng'ambo. Akigeuka usingizini, mmoja wao alipoteza ardhi. Hezroni akitaka kumwomba Mwanaidi kiberiti, ilimbidi aonyeshe pasipoti juu ya kifua cha mzee.

Tatizo likawa la lugha. Mwanaidi aliagizwa kuandika hali ya mpaka kila siku kwenye daftari. Siku ya kwanza akaandika: *Mpaka ameamka.* Likarudishwa. Wataalamu wakaketi siku tatu, wakala, wakatoa mwongozo: mpaka ni kitu cha taifa, nacho hakina nafsi, kwa hiyo ni *u*, si *a*. Tangu hapo daftari likasomeka vizuri: *Mpaka umeamka. Mpaka umekunywa uji. Mpaka umekohoa usiku kucha.*

"Unisamehe, babu," Mwanaidi alimwambia siku moja akimfunga shuka. "Ndivyo walivyotaka."

"Usijali, mjukuu wangu. Wengine tumeitwa vibaya zaidi."

Kibaya ni kwamba mpaka hausogei. Kwenda chooni kulihitaji barua mbili. Na Singano, aliyekuwa akinyimwa kibali kwa kukosa kujua mpaka uko wapi, sasa alijua: uko kitandani, unakohoa, na kaburi la mkewe bado liko mbali maili arobaini na moja.

Wiki ya tatu akaomba asomewe mkataba. Mheshimiwa Ringo akaja kuusoma mwenyewe, kwa sauti ya redioni. Kifungu cha pili kilisema: *Na mpaka utaifuata barabara kuu mpaka mwisho wake.*

"Rudia hapo," mzee akasema.

"Na mpaka utaifuata barabara kuu..."

"Mimi ni nani?"

"Wewe ni mpaka, mzee wetu."

"Na mkataba unasema mpaka ufanye nini?"

Mheshimiwa akatazama suti yake kana kwamba amevaa isiyo ya siku hiyo.

"Unasema uifuate barabara," mzee akamsaidia. "Mimi hapa nimelala. Kila siku ninayolala, nchi mbili zinavunja mkataba. Sipendi kuleta vita, Mheshimiwa. Lakini na wewe fikiria."

Kufikia adhuhuri ruhusa ilikuwa imetoka, na mihuri minne. Mzee akaomba vitu vitatu: debe la chokaa, kilo ya chumvi, na burashi ya mkonge.

"Vya nini?"

"Mpaka bila chokaa utaonekanaje?"

Likaandikwa na hilo.

Jiwe la kwanza lilikuwa bado nyuma ya soko; muuza nyama alilitumia kunolea visu. Singano akachuchumaa, akalipaka, akasimama akishika kiuno. Kuanzia hapo barabara iliingia vichakani, na vichaka vilikuwa vimejaza fomu zao sawasawa: havikuonyesha kitu. Lakini mzee alikuwa na fimbo. Alipiga ardhi, akasikiliza, akapiga tena.

"Udongo husema *pu*," aliwaeleza askari wake. "Lami husema *ko*. Hata ikizikwa, husema *ko*. Sikilizeni."

Wakasikiliza. *Pu. Pu. Ko.*

"Ipo!" Hezroni akapayuka, akajikumbuka, akakaza uso wa kijeshi.

Walikwenda hivyo, mzee katikati, debe mkononi, Mwanaidi kushoto, Hezroni kulia. Mahali pengine barabara ilijionyesha yenyewe: majani mafupi yaliyokataa kurefuka juu ya kokoto, safu ya mikaratusi iliyosimama kama watu wanaongojea mgeni, karavati moja la zege linalopitisha maji yasiyokuwepo. Kila maili jiwe, na kila jiwe alilijua kwa tabia. La kumi na tatu lilikuwa linaegemea. La ishirini lilikuwa limegongwa na lori la vitunguu. Aliyafuta vumbi la miaka, akayapaka, akayaaga.

Askari nao walibishana kama ilivyo wajibu.

"We wa Ng'ambo, umekanyaga kivuli cha mpaka."

"Kivuli kimeangukia kwetu. Ni chetu."

"Nani kakugawia?"

"Jua. Nenda kalikamate."

"Gawaneni, wajukuu zangu," mzee akasema bila kugeuka. "Asubuhi ni cha Hezroni. Jioni kitahamia kwa Mwanaidi. Mchana niacheni mwenyewe nami nikikanyage."

Siku ya tano walifika jiwe la thelathini, ambako zamani palikuwa na mji mdogo: pampu ya mafuta, posta, hoteli mbili, kelele. Barabara ilipoondoka, watu waliifuata. Pampu ilibaki imening'iniza mkono. Mlango mmoja tu ulikuwa wazi. Ndani, meza sita zilikuwa zimetandikwa vitambaa, vikombe vimefunikwa juu ya visahani, na mwanamke mmoja mzee, Mama Yasinta, alikuwa akichochea chungu cha maharage.

"Basi limefika?" aliuliza kabla ya salamu.

Mwanaidi akamtazama mzee. Kisheria ilikuwa marufuku kumwambia mtu kwamba barabara imeondoka, kwani ungemkumbusha kwamba ilikuwepo. Ndiyo sababu kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyemwambia.

"Bado," mzee akasema polepole.

"Litakuwa limepata pancha," akasema Mama Yasinta, akaweka kuni nyingine. Kisha akakodoa macho. "We! Si Singano wa mawe?"

"Ndiye, dada yangu."

"Umezeeka kama mimi! Kaeni, kaeni. Na yule mwenzako? Nambua hajaja kwangu kuchukua chumvi siku nyingi."

Mzee alishika kikombe, akakigeuza. "Hataweza kuja tena."

Mama Yasinta alielewa. Alijifuta mikono kwenye kanga, akakaa kwenye meza ya wateja, jambo ambalo, alisema, hakuwahi kulifanya. Maharage yalitokota.

"Alikuwa akikusema hapa," hatimaye akasema. "Kwa kukucheka lakini. 'Mume wangu anapaka mawe yasiyolala mtu.' Na nikimuuliza, ukuta je, anasema, 'Mpaka sherehe zipite.' Tunacheka mpaka chai inapoa." Akasita. "Ulimpakia?"

Singano akakirudisha kikombe kwenye kisahani. Hezroni alijifanya anafunga kamba za buti, na Mwanaidi akatoka nje kutazama barabara, kama kuna basi.

Walipoaga, Mama Yasinta alikataa kuwaacha waende mikono mitupu. Akampa mzee kopo la uji wa muhogo. "Wa kunywa," akasema. "Au wa chochote."

Baada ya jiwe la thelathini na nane miguu ilikataa. Mzee alikaa chini, akapumua kama mtu anayepuliza moto ulioloa. Sheria za pande zote mbili zilikuwa wazi: askari hagusi mpaka. Mwanaidi akamshika mkono wa kushoto. Hezroni akaangalia huku na huku, akamshika wa kulia. Mpaka ukainuliwa, ukaendelea. Siku hiyo daftari liliandikwa: *Mpaka umetembea vizuri.*

Jiwe la arobaini likapatikana, likapakwa. Baada yake fimbo ikaanza kusema *pu*. Ikasema *pu* asubuhi nzima. Matingatinga yalikuwa yamefanya kazi yao. Kona ilikuwa imesagwa na kutawanywa, na juu yake magugu yamesimama marefu kuliko mtu. Hakuna jiwe, hakuna lami, hakuna kambi. Mzee alizunguka, akapiga, akasikiliza, akapiga tena, mpaka fimbo ikavunjika.

"Babu, pumzika," Mwanaidi akasema.

"Nilimwacha hapa," mzee akasema. "Hapa hapa. Jamani, mtu hapotei hivi." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliye dirishani.

Hezroni alikuwa amesimama mbele kidogo, akikwangua kiatu chake kwenye mzizi. "Nchi gani hii, imejaa konokono!" akalalamika. "Kila unapokanyaga, kwacha, kwacha."

Mzee akainua kichwa. "Umesema nini?"

"Konokono, mzee. Makombe. Tazama, meupe yote."

Mzee alimwendea kwa magoti. Kweli: makombe ya konokono, matupu na yenye wenyewe, madogo kama punje na makubwa kama ngumi, yametapakaa chini ya magugu kama mtu amemwaga bakuli la mahindi. Mzee akaanza kucheka, kifua kikimkatiza. Kwa miaka thelathini na moja, kila alipomaliza kazi, alisuuza debe lake nyuma ya kambi, na maji ya chokaa yakanywewa na udongo. Konokono hula chokaa. Ndiyo wanayojengea nyumba. Walikuwa wamekuja wakati ule, wakaonja, wakabaki, wakazaana. Na hakuna hata mmoja aliyeletewa Fomu ya Kusahau.

Wakafyeka kwa mapanga wakiwafuata. Konokono wakawapeleka kwenye mafiga matatu. Kutoka mafiga, wakawapeleka kwenye bati lililoanguka, limeota kutu. Wakalifunua. Chini yake kulikuwa na kipande cha ukuta wa mawe na udongo, kimo cha goti, urefu wa mikeka miwili. Upande wa ndani bado ulikuwa mweusi kwa moshi.

Singano akamimina chokaa iliyobaki, akatia chumvi, akafungua kopo la Mama Yasinta, akaumimina uji wote. Akakoroga kwa mkono. Alipaka ukuta ule kutoka mwanzo mpaka mwisho, polepole, akirudia pembeni, akiziba kila ufa, kama ambavyo hakuwahi kulipaka jiwe lolote la serikali. Alipomaliza mkono wa kwanza alingoja ukauke, akapaka wa pili.

Kisha akasimama, akaenda pale lilipokuwa jiwe la barabara, akageuka kulia, akaanza kuhesabu hatua.

Amri ya Hezroni ilikuwa fupi: mpaka ukisogea kulia hata hatua moja, piga filimbi, fyatua risasi hewani, ita jeshi. Mzee akapiga hatua ya kwanza kuingia Ng'ambo. Hezroni akaweka filimbi mdomoni. Ya pili. Ya tano. Mwanaidi akamtazama Hezroni juu ya bega la mzee. Ya kumi na mbili. Hezroni alikuwa akirudi nyuma hatua kwa hatua, akiiachia ardhi ya nchi yake ipite chini ya miguu ya mzee.

"Piga basi," Mwanaidi akanong'ona.

"Imejaa mate," akasema Hezroni, akaitoa mdomoni.

Hatua ya thelathini, jiwe. Lilikuwa limelala kifudifudi, na chokaa ya tumboni mwake, iliyofichwa na udongo, ilikuwa bado nyeupe. Wakalisimamisha. Mzee akakwangua debe kwa burashi, akapata kiasi cha kulitosha. Akakaa karibu nalo, akaegemea.

"Haya, Nambua," akasema, kama mtu aliyechelewa kurudi kutoka dukani. "Zimepita."

Lilikuwa jua la saa kumi. Kivuli chake kilikuwa upande wa Mwanaidi. Walimwacha apumzike, wao wakakaa kila mmoja upande wake, na Hezroni akaomba kiberiti bila pasipoti. Walipomwita waendelee, maana mkataba ulisema mpaka mwisho wa barabara na yalibaki mawe kumi na tisa, hakuitika.

Mwanaidi alimfumba mzee macho kwa kiganja. Wakachimba wote wawili, wakipokezana jembe waliloazima kijiji cha jirani, wakamlaza ubavuni kwa Nambua. Hapakuwa na chokaa ya jiwe lake, lakini konokono walikuwa wengi.

Mheshimiwa Ringo alifika kwa helikopta, suti ya pili, hotuba ya kurasa kumi na moja yenye kichwa *Mpaka Wetu Umesimama Imara*. Akatazama huku, akatazama kule.

"Mpaka uko wapi?"

"Amelala, Mheshimiwa," Mwanaidi akasema.

"*Umelala*, Koplo. Uamsheni."

Mheshimiwa akatazama makaburi mawili, akatazama karatasi yake, akatazama buti za Hezroni zilizojaa udongo. Inasemekana alivua kofia. Inasemekana pia kwamba hotuba aliisoma yote, kwa kuwa ilikuwa imeshaidhinishwa.

Kuhusu choo, iliamuliwa kwamba ilikuwa sherehe.

Katika ramani mpya mpaka umenyooka kama rula ilivyotaka, isipokuwa mahali pamoja, ambapo unaacha mstari, unapinda kulia hatua thelathini, kisha unarudi. Watu wa vipimo wametumwa mara sita kuunyoosha. Mara sita wamerudi wakisema hawakupaona. Mama Yasinta huwapa chai wakipita, akiwauliza habari za basi.

Na lile daftari la Mwanaidi lipo Wizarani. Ukurasa wa mwisho una mstari mmoja: *Mpaka amelala ubavuni kwa mkewe.* Wakubwa wameusahihisha kwa wino mwekundu. *Amelala* imekatwa, juu yake imeandikwa *umelala*. Lakini walipofika kwenye lile neno la mwisho, kalamu ilisimama, kwa sababu mpaka wa *u* hauna mke, na kulikata neno lile hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Faili lilipelekwa kwa wataalamu wa lugha, likarudi. Likapelekwa kwa Mheshimiwa, likarudi. Halijafungwa mpaka leo.